Mbuzi Niachie Mimi

Kabula,

Usimrudishie mama yako barua hii kabla hujaisoma. Nakujua. Tangu jana jioni nikifungua mdomo tu unabeba ndoo unakwenda kisimani, na sasa mapipa yamejaa, masufuria yamejaa, hata lile beseni bovu limejaa. Kusema nimeshindwa, kwa hiyo naandika.

Ni alasiri, wewe uko mbugani na mbuzi. Nimejifungia stoo, nimekaa juu ya gunia la mpunga na nimeazima kalamu yako bila ruhusa. Mama yako amekuja mlangoni akauliza, "Baba Kabula, unaumwa?" Nikamwambia naandika. Akasema, "Basi unaumwa," akaondoka anacheka peke yake.

Habari za sweta sitazigusa. Iringa kuna baridi, hilo mama yako amelisema mpaka mimi huku kwenye joto la Usangu nimeanza kukohoa. Kula kwa wakati, salimia wakubwa, usilale na nywele mbichi, hayo yote ameyashika yeye. Mimi nina neno moja tu, lile ulilolisema jana sahani ikiwa mkononi: "Siendi. Nikienda, mbuzi watakufa."

Hee, Kabula! Chuo cha ualimu kimekupokea. Mwisho wa kuripoti ni kesho. Shangazi yako Minza ameshakutandikia kitanda huko Iringa na ananipigia simu kila saa kuuliza unapenda chai ya maziwa au ya rangi. Halafu wewe ukae hapa kwa sababu ya mbuzi? Na kilichoniuma zaidi, hukusema nani atawaua. Ulinitazama tu. Mama yako naye akanitazama. Hata paka akageuka akanitazama.

Usiku mzima nilikasirika. Asubuhi nikaona una haki.

Basi ngoja nikusimulie yaliyotokea, ingawa ulikuwepo. Uliyaona ukiwa upande wako. Mimi nilikuwa upande wangu, na nakwambia upande wangu kulikuwa kuzuri sana. Kwa siku chache pale baada ya mavuno hakukuwa na mfugaji mwenye furaha kuliko mimi kutoka hapa hadi Uyole.

Unakumbuka majaruba yetu ya mpunga yalivyotupa mwaka ule. Stoo hii ilijaa hadi kwenye bati. Ndipo asubuhi moja nikaingia zizini, nikaona kwenye mavi ya wale mbuzi wadogo kuna punje nyeupe, laini, ukubwa wa wali hasa. Mtu wa nchi ya mihogo angejiuliza hiki ni kitu gani. Lakini mimi nalima mpunga, nakula mpunga, nalala nimeegemea mpunga. Sikujiuliza chochote. Nikasema, hawa wanakula mchele wangu.

Wewe ulikuwa umeshika kijiti, unapekua. Ukaniambia kwa adabu kabisa, "Baba, stoo kuna mpunga, hakuna mchele. Wangekuwa wanaiba kule tungeona maganda." Na mimi nikakujibu, mama yako ni shahidi, kwamba maganda yanabaki tumboni. Kwamba mbuzi anakoboa humo ndani. Mimi, mtu mzima, mjumbe wa kamati ya maji, nilisimama katikati ya zizi nikasema mbuzi ni mashine ya kukoboa. Na hukucheka. Ungecheka siku ile pengine ningezinduka.

Badala yake nikanunua kufuli. Ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, mama yako akitaka kupika wali sharti aje anitafute. Sasa siku ile ya mnada mimi nikaenda mnadani na shingo yangu na ufunguo wangu, na huku nyuma bibi yako akashuka kwenye basi kutoka Uyole. Mkwe wangu! Amekuja kuona mavuno. Akalishwa ugali na dagaa, mgongo wake umegusa ukuta wa stoo iliyojaa mpunga. Hakulalamika. Alikula, akanawa, akaniachia salamu. Ila mpaka leo nikimpigia simu, kabla hajaitikia shikamoo yangu ananiuliza, "Baba Kabula, na mwaka huu mvua iliwakataa?"

Na punje zikaendelea kutoka. Kufuli lipo, ufunguo uko kifuani kwangu, punje zinatoka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema lazima kuna tundu. Nikazunguka stoo kwa magoti nikiwa na udongo kwenye karai, nikaziba kila ufa nilioukuta. Panya walihama wakaingia chumbani kwetu, mama yako akahamia chumbani kwako.

Ukinisoma hapa utasema baba anajidhihaki. Wala. Nataka uelewe nilivyokuwa nafurahi. Wale wadogo walianza kuota vitambi, wanatembea tumbo limetangulia, na mimi moyoni nasema sawa, mchele unaliwa lakini nyama inaingia. Nikaacha hata kutafuta matundu. Nikaanza kuita watu waje watazame. Baba Shija, jirani yetu, alikuja akaegemea boma, akatikisa kichwa, akasema, "Mwenzangu, hawa umewalisha nini?" Wallahi nilirefuka siku ile. Nikamwambia, "Siri ya mfugaji." Na wewe ukapita na ndoo yako ukasema, wala hukumwambia mtu, ulisema hewani tu: "Migongo imechongoka."

Nilikufokea. Nikasema umeona wapi mwenye njaa ana kitambi. Baba Shija akacheka, mimi nikacheka, wewe ukaenda zako. Hicho kicheko ndicho ninachokikumbuka nikitaka kulala na usingizi hauji.

Baba Shija akataka ushahidi wa mchele. Nikainama, nikachukua punje moja safi, nikaiweka kiganjani, nikamsogezea usoni. Nikaanza kumweleza: tazama urefu, tazama rangi, huu ni mchele wa Usangu, huupati kokote. Nikiwa katikati ya sifa, punje ikajikunja. Kisha ikajikunjua. Kisha, Kabula, ikaanza safari ya kuelekea kwenye kidole gumba.

Nilipiga kelele. Watu wanasema ilisikika kwenye mashine ya kusaga, mimi sijui, masikio yangu yalikuwa na kazi nyingine. Nilikirusha kile kitu kikamtua Baba Shija kwenye kofia, naye akapiga kelele zake. Mbuzi wakaruka boma. Ulikuja mbio ukidhani ni nyoka, ukatukuta wanaume wawili tunavuana nguo. Tangu siku ile Baba Shija hanisalimii kama watu wengine. Anasema, "Wali umeamkaje?"

Hapo ndipo hasira yako ilipoanzia, na hapo sina la kujitetea. Kwa sababu nilikwisha kujua. Kiganja changu chenyewe kilikuwa kimeniambia kwamba zile ni minyoo. Ungekuwa wewe ungekwenda kununua dawa siku hiyohiyo. Mimi niliona haya. Nikifika dukani nitasemaje? Kwamba mbuzi niliowatangazia watu kuwa ni wanene wana tegu? Nikachemsha magome na magadi yale aliyokuwa akitumia babu yako kule Usukumani, nikawanywesha, nikasema tusubiri. Nikasubiri ili nisichekwe, na tayari kijiji kizima kilikuwa kinacheka.

Bibi Harusi akafa.

Nimeandika jina lake na kalamu imekaa hapo muda mrefu. Yule mweupe uliyemkuza kwa chupa baada ya mama yake kuliwa na fisi, aliyekuwa akikusindikiza mpaka kwa jirani na kungoja nje kwa heshima. Tulipompasua, tumbo lote lilikuwa utepe mweupe, mrefu, umejipanga humo na kuziba kila mahali. Chakula tulichokuwa tukimpa kilikuwa kinaishia kwa mgeni huyo. Mimi nikasema nyama isitupwe. Wewe ulichukua jembe. Msukuma akizika mbuzi watu wanauliza kama ana akili timamu, na walikuuliza, na ukaendelea kuchimba. Nilisimama mlangoni nikitaka kuja kukusaidia, na aibu ikanizuia. Hilo linaniuma kuliko yale ya mchele, mwanangu.

Kesho yake nikaenda Uyole. Habari za hotipoti unazijua, lakini acha niziandike mwenyewe, maana mama yako anapozisimulia anaongeza chumvi. Ni kweli nilichukua hotipoti yake ya harusi. Nilisikia kwamba mavi ya kupimwa yasikauke njiani, na katika nyumba nzima ni kitu gani kingine kinachofunika vizuri vile? Nikafika kwenye duka la dawa za mifugo, yule dada wa dukani yuko na mwenzake, ni saa ya chakula. Nikaweka hotipoti juu ya meza. Nikasema, "Nimewaletea hii." Akasema, "Jamani baba, Mungu akubariki," akaenda kunawa mikono kabisa. Akarudi na kijiko.

Ile hotipoti siku hizi inalishia vifaranga, na mama yako akiipita anavuta pumzi kwa sauti ili nisikie.

Yule dada alipomaliza kukemea alinionea huruma. Alinieleza kwamba tegu wa mbuzi hatoki kwenye mchele wala kwenye uchawi. Punje zile ni vipande vya mnyoo, vimejaa mayai. Zikidondoka malishoni, mayai yanaliwa na vidudu vidogo sana vinavyoishi kwenye majani, huwezi kuviona, na vidudu hivyo vinapanda juu ya nyasi asubuhi na mapema kukiwa na unyevu. Mbuzi akila nyasi na umande, amekula na kidudu, na kidudu kimembeba mnyoo. Jua likikausha majani vinashuka chini. "Kwa hiyo baba," akasema, "dawa nakupa, lakini ukiwatoa na umande utarudi hapa." Akaongeza, "Na ukirudi uje na mfuko wa nailoni."

Dawa niliweza. Umande ndio ulionishinda. Wewe umezaliwa huku, hujui. Mimi nimelelewa na mzee aliyekuwa akitazama miguu yetu asubuhi: kama haijalowa mpaka magotini hujachunga, umelala. Mfugaji anayetoa mifugo jua likiwa juu alikuwa anaimbiwa nyimbo. Ndiyo maana ulipokwenda kwa bibi yako Uyole na kuniachia sharti la umande, nilivumilia, nikavumilia, mpaka Baba Shija akapita na ng'ombe wake kungali giza akauliza, "Leo mbuzi wako wana mitihani?" Asubuhi iliyofuata nikawatoa. Uliporudi ulikwenda zizini kabla hujatusalimia, ukashika kijiti chako, na punje zilikuwa zimerudi.

Bora ungenitukana, kwa kweli. Wewe una ukimya wa bibi yako, na ukimya ule ukiingia ndani ya nyumba hata redio inajisikia vibaya.

Sasa mimi na umande tumepatana, umeona mwenyewe. Ni wiki nyingi sasa nakaa kwenye kigoda hapo nje na kikombe cha chai mpaka majani yakauke, watu wanapita, wanasema wanayotaka kusema. Baba Shija ameleta hadi mto, eti niegemee. Nimeegemea. Jana tu ndipo ulipokuta punje kwa yule mdogo mwenye madoa, mmoja katika wote, na leo asubuhi umewanywesha dawa wote kwa mkono wako mwenyewe. Mimi hukunipa chupa. Ulinipa kamba nishike. Nikashika kamba, Kabula, mbele ya mbuzi niliowazalisha mwenyewe, na nilipotaka kuinua kichwa cha mmoja uliniambia, "Baba, usimwinue hivyo, dawa itaingia kwenye mapafu." Nikakishusha. Ulikuwa sahihi.

Yule mwenye madoa huenda alikula kidudu siku ile nilipowatoa na umande, huenda alikula juzi kule bondeni ambako hapakauki vizuri. Sijui. Unaona? Nimeandika sijui, na paa halijaanguka. Kabla ya mwaka huu sikuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu.

Nimekaa hapa nikitafuta nilichokipata katika haya yote ili nikufungie uende nacho, na kilichopo ni kidogo, lakini ni changu. Sikudanganywa na mnyoo. Mnyoo alijionyesha tangu siku ya kwanza, mweupe, mchana, juu ya mavi. Nilidanganywa na kitambi kwa sababu nilikipenda. Nilitaka sana kuwa mtu mwenye mbuzi wanene. Wewe ulitazama mgongo kwa sababu hukuwa na haja ya kusifiwa na Baba Shija. Utafundisha watoto wadogo. Siku moja katoto kamoja katasimama kaseme, "Mwalimu, hapana." Kakisema hivyo, utakasirika, utakuwa umechoka, na jibu lako utakuwa umeshalitoa mbele ya darasa zima. Nenda ukaangalie kwanza. Mimi sikuangalia, nilicheka.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Jana uliposema "siendi", nilikasirika, ndiyo. Nikapiga meza. Lakini kabla ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kidogo sana, na mama yako hakukiona. Nilifurahi. Kuna mtu ndani yangu alisema afadhali, atabaki, nyumba haitakuwa kimya, asubuhi nitamsikia akigombana na jogoo. Furaha ile nimelala nayo usiku kucha, na alfajiri nikaitambua. Ni ileile, Kabula. Ndiyo niliyokuwa nayo nikiegemea boma nikitazama matumbo ya mbuzi. Ilinistarehesha namna ileile, nikataka nisiangalie mgongo.

Kwa hiyo leo nimeangalia. Msichana anayekula kidogo, anayejaza mapipa maji ambayo hayahitajiki, anayesoma barua ya chuo akidhani hakuna anayemwona, kisha anaikunja na kuirudisha chini ya godoro. Wewe unataka kwenda. Unataka sana. Unachoogopa ni kutuacha, na mbuzi umewashika kama sababu kwa kuwa mimi nilikupa sababu.

Mbuzi niachie mimi. Siwezi kukuapia kwamba hatakufa hata mmoja, ukisikia mfugaji anaapa hivyo mkimbie. Nitakaa na chai yangu mpaka umande ukauke. Wenye mimba changa sitawapa ile dawa, umeshaniambia, nimesikia. Nitapekua mavi kwa kijiti kila asubuhi na nikiona kitu nisichokijua nitakupigia simu, hata kama uko darasani, hata kama Baba Shija amesimama hapo anasikia.

Na wakifa, wafe. Nimeandika hivyo na nimemsomea mama yako kupitia mlangoni ili awepo shahidi: mimi Msukuma, mtoto wa Msukuma, nasema mbuzi wote wafe, na ng'ombe nao wafe juu yake, lakini wewe uende. Mama yako huko nje akasema, "Rudia." Nimerudia. Sasa analia, na mimi naandika nimefunga jicho moja kwa sababu lile jingine halioni vizuri.

Sasa usikasirike kwa hili la mwisho. Ulipotoka tu na mbuzi asubuhi, umande ulipokauka, nilibeba sanduku lako mpaka barabarani nikalipakia kwenye basi. Shangazi yako Minza amepiga simu sasa hivi: limefika Iringa, ameshalipokea stendi, ameshalifungua, anasema sweta ni zuri. Vyeti sijavituma, viko kwa mama yako, mimi si mwehu. Lakini nguo zote zimetangulia, na lile gauni la kitenge ulilolificha uvunguni ili ubakie na la kuvaa, nililiona, nalo limekwenda. Hapa umebakiwa na hilo ulilovaa, Kabula, na linanuka mbuzi. Mama yako ameshakuwekea maji na sabuni uani. Lifue sasa hivi kabla jua halijazama, likauke, basi la kwanza linapita kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Baba yako